Picha ya Yudith Iliyokatwa Shingoni

Siku Yudith alipoonyeshwa picha yake mwenyewe, ndani ya duka la Nasrin pale Hedaru, aliisogeza simu mbali na macho, akairudisha karibu, kisha akauliza swali moja.

"Na kichwa changu kimekwenda wapi?"

Nasrin, mwenye duka na wakala wa tangawizi kavu kwa wasafiri wa barabara kuu, aliinamia mizani yake kana kwamba kuna kitu kimedondoka. Anaeli, binti wa Yudith, alilijua jibu lakini hakulitoa. Picha ile aliipiga yeye mwenyewe, mama akiwa amesimama mbele ya chanja la kuanikia, kisu mkononi, uso umejaa kicheko. Sasa katika tovuti ya kampuni ya tangawizi ilibaki mikono miwili iliyokauka, kanga iliyofungwa kifuani, shingo, halafu ukingo. Chini yake yalisomeka maneno haya: "Mikono ya wazee wetu. Maarifa haya tuliachiwa na marehemu mzee Elirehema."

"Elirehema?" mama aliuliza, naye akacheka kidogo. "Shemeji yangu alikuwa anapiga chafya akipita tu karibu na chanja. Nani kaandika haya?"

"Clemence, mama."

Yudith aliirudisha simu mezani kwa uangalifu, uso wake chini, akasema wanunue sabuni waende, maana gari la kupanda mlimani halingoji mtu. Njia nzima hakulitaja jambo lile. Kabla gari halijamaliza kona za mwisho Anaeli alimwambia, "Nitalishughulikia, mama," naye mama akamjibu, "Wewe ni mtoto wa Hezroni, najua." Hayo yakawa ndiyo maagano.

Ili mtu auelewe uzito wa jibu lile, hana budi kumjua Hezroni. Baba yake Anaeli alikuwa mlinzi wa ndiva, yaani lile bwawa la kijadi ambalo Wapare hulijenga kwa mawe na udongo juu ya mashamba, maji yakakusanyika humo usiku kucha, na asubuhi yakafunguliwa kuifuata mifereji kwa zamu. Anaeli alikua akimfuata baba huyo alfajiri, akijifunza mfereji upi ni wa nani, na namna ya kuusikiliza ukingo kama unavuja. Katika ndiva ya kwao palikuwa na sheria moja isiyobembelezwa. Aliyeiba zamu ya mwenzake, mdomo wa mfereji wake ulizibwa kwa matope mpaka siku ya msaragambo, siku ya kazi ya wote, pembe ikilia na kila nyumba ikitoa mtu wa kuzoa tope. Siku hiyo mwizi alisimama juu ya ukingo, akataja kwa sauti maji ya nani aliyachukua. Watu wakijibu "tumesikia," shauri limekwisha. Hata hivyo alikosa zamu moja zaidi, ili kiu imfundishe kile ambacho maneno hayakumfundisha.

Hezroni aliwahi kuuziba mfereji wa kaka yake wa tumbo moja, Elirehema. Hakumpunguzia hata bonge moja la tope. Elirehema alisimama ukingoni mbele ya mkewe na mwanawe mdogo, akasema, watu wakasikia, na mwaka ule ule akahamisha nyumba yake kwenda kuishi bondeni, kando ya barabara ya lami, asikoulizwa na mtu habari za maji. Mwana yule mdogo ndiye Clemence, ambaye sasa ni mkurugenzi wa kampuni ya tangawizi.

Kwa hiyo Anaeli alijua tangu mwanzo kwamba neno la Clemence halikuwa la bahati mbaya. Mwana alitaka kumsimamisha baba yake upya, safari hii juu ya ukingo wa sifa. Laiti angemjengea jiwe lake mwenyewe, nani angemzuia? Lakini alichukua jiwe la mwingine, tena la mjane aliyewafundisha wanawake wa kijiji kizima kuilaza tangawizi chini ya majani ya mgomba mpaka itoe jasho, ndipo ianikwe, ili harufu isiikimbie. Kampuni yote ilisimama juu ya harufu ile.

Yudith alifariki kabla ya mvua za vuli. Clemence alikuja mazishini na gari la kampuni, akashika kipaza sauti, akamsifu mama mdogo kwa ukarimu wake na kwa ndizi zake. Juu ya tangawizi hakutamka neno. Anaeli alisimama upande wa kichwa cha jeneza, akiutazama mdomo ule ukifunguka na kufumbika, na ndani yake kitu kikatulia, kama maji yanavyotulia kizibo kikishakaa sawasawa. Tangu jioni ile, katika sala aliyofundishwa utotoni, kuna mahali alipafika sauti ikamkatika: pale ambapo mtu husema kwamba naye amewasamehe waliomkosea. Aliparuka. Hakumdanganya Mungu. Aliyaacha maneno yale yalale, akaendelea na yaliyofuata.

Hakugombana. Alikuwa na ofisi yake ya kutengeneza tovuti mjini Same, karibu na stendi, yenye diploma ya Arusha ukutani na wateja wenye nyumba za wageni, maduka ya dawa na mabasi. Tovuti ya kampuni ya tangawizi aliijenga yeye zamani, na aliendelea kuihudumia. Clemence alipoibadilisha picha na maneno, aliingia kwa ufunguo wake wa mkurugenzi, na huo alikuwa nao kwa haki. Anaeli angeweza kuyarudisha maneno ya kweli siku ile ile, na Clemence angeyafuta kesho yake, wakafukuzana hivyo kama kuku. Hilo lilikuwa dogo mno. Alitaka Clemence asimame ukingoni.

Njia ikafunguliwa na kampuni yenyewe. Tovuti ile ilikuwa ya mtindo wa kale, maneno yameshonwa pamoja na sura ya ukurasa kama viraka kwenye nguo, huwezi kulitoa moja bila kulichana jingine. Biashara ikakua. Ikaja programu ya simu kwa wanunuzi, ikaja skrini katika duka la Nasrin, ukaja ukurasa ndani ya tovuti ya mnunuzi mkubwa wa Dar es Salaam. Kila mahali maneno yaliandikwa upya kwa mkono, na kila mahali yakapishana. Mnunuzi mmoja alisoma maelezo ya zamani, akailoweka tangawizi kavu kama maharage, akarudisha mzigo kwa hasira. Ndipo Clemence alipoitisha kikao.

Walikaa katika chumba cha juu mjini Same: Clemence mwenye tai, mzee Sifael mwenyekiti wa wakulima, Nasrin wa Hedaru, na wanawake kadhaa wakaushaji waliokuwa wameteremka kutoka milimani tangu alfajiri. Anaeli alisimama akaeleza kwamba dawa yake ni mfumo wa maudhui ambao waandaa programu huuita usio na kichwa.

"Usio na kichwa," Clemence alirudia, akawageukia wenzake akitabasamu. "Dada Anaeli, kichwa cha kampuni hii ni mimi. Unanileteaje kitu kisicho na kichwa?"

"Mwache aeleze, Clemence," alisema mzee Sifael. "Kichwa chako hakuna aliyekigusa bado."

Wanawake walicheka viganjani.

"Shikamoo mzee, na asante," Anaeli alisema. "Nyote mnaijua ndiva. Maji yanakusanywa mahali pamoja, halafu kila mfereji unayateremsha kwa mwenye shamba. Ndiva haijui kama unamwagilia maharage au ndizi. Mfumo huu ni hivyo hivyo. Maneno yote, picha zote, maelezo yote yanakaa katika ghala moja lisilo na sura yake lenyewe. Tovuti inakuja kuomba, inapewa. Simu inaomba, inapewa. Skrini ya Nasrin inaomba, inapewa. Ukisahihisha neno ghalani mara moja, limesahihika kote."

"Kwa hiyo skrini yangu haitadanganya tena?" Nasrin aliuliza.

"Itasema kilichomo ghalani, shoga yangu. Kikiwa uongo, itausema uongo huo vizuri sana."

Clemence alikuwa amelisikia neno moja tu, na neno hilo lilikuwa ndiva. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyepewa uji wa jana.

"Sasa nijibu," alisema. "Ghala na sura ni vitu viwili?"

"Viwili, kaka. Anaweza kuvishika mtu mmoja, wanaweza kuvishika wawili."

"Wageni wanaona kipi?"

"Sura. Ghala halionekani."

"Basi sura ni zangu. Nimeshaongea na vijana wa Dar, watanitengenezea sura za kisasa, mtashangaa. Hayo mambo ya kuchunga matope sitaki. Ghala likae kwako, kwa jina lako, maneno yako, picha zako, ujaze unavyojua. Mimi simo."

Anaeli aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Kaka, una hakika? Ghala ndilo—"

"Nimesema simo. Umezoea, wewe ni mtoto wa mlinzi."

Mzee Sifael alizungusha macho chumbani. "Mmesikia wote?"

"Tumesikia," walijibu, na wanawake wa mlimani ndio waliojibu kwa sauti kubwa zaidi.

Clemence alitia saini pasipo kuketi. Angekuwa amelelewa juu angejua kwamba hakuna mwenye akili katika milima ile anayechagua mfereji akaiacha ndiva. Lakini yeye alikua akiikimbia, na chuki yake ikamfumba jicho moja.

Miezi iliyofuata Anaeli alilijaza ghala. Alipanda Mbaga na vijiji vya jirani kwa bodaboda, akiibana kwa magoti katika makorongo yale, akaketi na kila mkaushaji mbele ya chanja lake. Aliwauliza habari za udongo, za kisu, za majani ya mgomba, na mwisho akauliza, "Nani alikufundisha?" Alikuwa ameujenga mfumo kwa namna ambayo bidhaa haingeweza kuchapishwa pasipo kutaja chimbuko la ujuzi wake. Devotha, jirani yao wa tangu utotoni, aliacha kukata tangawizi akamkazia macho.

"Unaniuliza kama hujui? Mama yako. Alinipiga kofi la mkono nilipoianika mbichi."

"Nataka useme wewe."

"Nimesema. Yudith. Na ukimpata yule anayesema ni Elirehema, mlete hapa nami nimpige kofi hilo hilo, nimrithishe."

Picha ya mama aliiweka ghalani nzima, pamoja na kicheko chake, pamoja na mawingu ya nyuma yake. Mfumo wa namna ile huhifadhi picha kamili, na huziambia sura sehemu gani zionyeshe. Kwa picha ya Yudith aliandika kwamba isikatwe popote. Kisha akaichukua picha ya mkurugenzi, iliyopigwa studio kwa taa nyingi, akaitazama kitambo kirefu. Alijua mchungaji angemwambia nini. Alijua pia mama angeuliza nini. Akaweka alama: ionyeshwe kuanzia shingoni kwenda chini. Na chini yake akayaandika maneno ambayo Clemence mwenyewe aliwahi kuyapenda.

Ukurasa wa historia, wenye habari za mzee Elirehema, hakuuhamisha kabisa. Aliuziba. Sura ingekuja kuomba maneno hayo, na isingepewa kitu.

Siku ya kuzindua, ukumbi ulijaa asubuhi na mapema. Wanunuzi walitoka Dar na Moshi, maofisa walikaa mbele, na skrini kubwa ilitundikwa nyuma ya jukwaa. Sura zilizotengenezwa na vijana wa Dar zilikuwa nzuri kweli, Anaeli hakuwanyima sifa yao. Yeye aliketi nyuma kabisa na kompyuta mapajani, karibu na Nasrin. Clemence alipanda, akasalimia, akaanza.

"Kampuni hii ina mzizi. Mzizi huo ni baba yangu mzazi, mzee Elirehema, aliyegundua namna ya pekee ya—"

Anaeli alibonyeza kuchapisha.

Nyuma ya Clemence uso wa Yudith ulitokea, mkubwa kuliko mlango, ukicheka, kisu mkononi. Maandishi yalikuwa mafupi: "Yudith, mke wa Hezroni. Aliwafundisha wote." Wanawake wa mlimani walisimama mmoja mmoja, kama watu wanavyosimama maiti wa heshima akipitishwa. Devotha alijifunika uso kwa kanga. Clemence aliendelea kusema sentensi mbili tatu za baba yake, akidhani wamesimama kwa ajili yake, mpaka alipoona hakuna jicho hata moja linalomtazama. Akageuka.

"Badilisha," aliwaambia vijana wa Dar kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti kiliichukua. "Nenda ukurasa wa historia."

Walikwenda. Ukurasa ukafunguka mweupe, fremu yake ikipendeza, ndani hamna kitu.

"Nenda wa uongozi basi."

Hapo ikatokea tai ya bluu, koti, vifungo, na mikono miwili laini iliyokunjwa juu ya tumbo. Juu ya kola hapakuwa na kitu. Chini yake iliandikwa: "Mikono ya wazee wetu."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mnunuzi kutoka Moshi, asiyejua kisa. Wa pili alikuwa mzee Sifael, aliyekijua chote. Kicheko kikateremka safu kwa safu kama maji yakiachiliwa. Nasrin alitazama simu yake, akaiinamisha kwa Anaeli. Skrini ya dukani Hedaru nayo ilionyesha vivyo hivyo, na msaidizi wake alikuwa ameandika kwamba utingo wa malori wameacha chai wanatazama mzee asiye na kichwa. Anaeli hakucheka. Aliutazama uso wa Clemence ukitafuta mahali pa kujificha, naye akaushiba taratibu, kama mtu aliyefunga kwa muda mrefu anavyokula.

Kesho yake Clemence aliingia ofisini kwake bila kubisha.

"Irudishe picha."

"Karibu kaka, keti. Ipi?"

"Usinifanye mtoto. Yangu."

"Yako ipo ghalani, nzima, haijapungua hata unywele. Sura ndizo zinakata, kwa kuwa zimeambiwa zikate."

"Umeichekesha kampuni nzima."

"Kampuni haikuchekwa. Kurasa za tangawizi ziko sawa na wanunuzi wanazisoma. Umechekwa wewe."

Clemence aliegemea meza. "Nitawaambia vijana wajenge ghala jingine."

"Wajenge. Wajaze nini? Nenda kwa Devotha ukamwombe maneno yake. Ila uende na shavu tayari."

Alikwenda kweli, si kwa Devotha tu. Kila aliyemfuata alimwambia maneno yake yapo ghalani kwa Anaeli, na kwamba yeye mwenyewe alisema hayumo, wakasikia. Vijana wa Dar walimweleza kwa adabu kwamba sura hazina maji yake zenyewe. Mwisho mzee Sifael alimpa neno la kumaliza. "Baba yako alijua njia ya kupanda. Msaragambo ni Jumamosi."

Jumamosi pembe ililia milimani. Watu walikuwa ndani ya ndiva, tope magotini, majembe na karai zikipokezana, Clemence alipotokea kwenye kona ya njia akiwa na viatu vya mjini. Hakuna aliyemwambia karibu, hakuna aliyemwambia ondoka. Alipanda ukingo mahali pale pale aliposimama baba yake. Jambo hilo wazee waliliona, naye aliona kwamba wameliona.

"Picha ya tangawizi," alianza, "maneno yale yalikuwa na makosa, na kama kuna mtu alikwazika—"

"Hatukuuliza kama kuna mtu," alisema Anaeli kutoka katikati ya tope. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. "Taja maji ya nani."

Ndege alilia kwenye migomba.

"Ya mama mdogo."

"Alikuwa na jina."

"Yudith," Clemence alisema. "Ujuzi ni wa Yudith. Niliuchukua nikampa baba."

"Sema tena, walio nyuma ni wazee, masikio yao mazito."

Alisema tena, na sauti ilipasuka katikati ya jina.

"Tumesikia," watu walijibu, wakarudi kwenye kazi.

Clemence alishuka, akakopa jembe, akazoa tope hadi mchana na viatu vyake vile vile. Wakati wa kunawa alimsogelea Anaeli, akasema bila kuinua macho, "Nimesema. Sasa kirudishe kichwa changu, dada."

Anaeli alisugua kucha zake moja moja ndani ya maji. Alimkumbuka mama akiiweka simu mezani kwa uangalifu, uso wake chini, na njia nzima ya kona zile bila neno.

"Historia nitaifungua leo, ikiwa na jina la mama," alisema. "Kichwa chako, kaka, unaijua sheria. Aliyesema ukingoni hukosa zamu moja zaidi. Tangawizi ya msimu huu itauzwa na mikono yako peke yake. Msimu ujao utarudi mzima."

"Msimu mzima, Anaeli? Watoto wangu wanaiona picha ile."

"Hata mimi niliiona. Na mama aliiona. Wewe utaurudia msimu wako. Yeye hakuwa na wa kuurudia."

Jumapili alikaa kanisani katika benchi la mama yake. Sala ilipoanza aliisema pamoja na wengine kwa sauti yake nzito, neno kwa neno, mpaka ilipofika pale pa kusamehe. Hapo alifumba midomo. Aliyasikiliza maneno yale yakisemwa na watu wote waliomzunguka, akayapima, akaona muda wake haujafika. Msimu bado ulikuwa mbichi kwenye chanja. Kisha akaungana nao katika yaliyofuata.